Jibu: Paka ananikimbia, nifanyeje?

Pole dada. Umesema paka uliyemwokota sokoni Ngamiani ana wiki 3 chini ya kabati, na ukimshika anakuparura. Basi usimshike! Wangu hapa Chumbageni alinizoea nilipoacha kumfuatafuata: nilikuwa nakaa sakafuni na kisahani cha dagaa wa kuchemsha, bila chumvi, najifanya sina habari naye. Akikutazama, fumba macho taratibu, kisha fumbua. Paka akikodolewa macho huona anatafutwa ugomvi. Siku akija kukunusa, mpe kidole kwanza, halafu mkune kidevuni na mashavuni. Tumboni achana napo, hata akijilaza chali. Na maziwa ya ng'ombe usimpe, wengi yanawaharisha. Wangu siku hizi adhana ya alfajiri ikilia tu, yuko kifuani kwangu.