Maswali ya bendi: kuupiga "Beat It" mpaka ukae

Maswali ya safari hii yametoka Ujiji, Kasulu, Urambo na Tabora mjini, na yote yanazunguka wimbo mmoja: "Beat It" wa Michael Jackson, uliomo kwenye albamu ya Thriller ya mwaka 1982 na uliotoka peke yake Februari 1983. Bendi zinautaka kwa harusi na mahafali kwa sababu baba na mtoto wote wanaujua. Ukiusikiliza unaonekana mwepesi. Ukishika gitaa, unakataa.

Gitaa letu tumelipima kwa simu, liko sawa. Tukipiga pamoja na rekodi haviivani. Mpiga solo wetu anasema rekodi ndiyo mbovu. Je, ni kweli? (Ujiji)

Rekodi ni nzima. Wimbo uko kwenye ufunguo wa E-flati maina (E iliyoshushwa nusu toni), na gitaa lenu limefungwa kwa E ya kawaida, kwa hiyo mko nusu toni juu yake. Shusheni nyuzi zote 6 kwa nusu toni. Programu nyingi za simu hazitaandika flati. Kuanzia uzi mnene hadi mwembamba zitaonyesha D#, G#, C#, F#, A#, D#. Msiogope, ni noti zilezile: D# ndiyo E-flati. Gitaa la besi nalo lishuke vivyo hivyo.

Ukishamaliza uzi wa mwisho, rudi kwa ule ulioanza nao upime upya. Nyuzi zikilegea, shingo ya gitaa hunyooka kidogo, na zile ulizoanza nazo hupanda. Zunguka mara mbili au tatu mpaka zitulie. Kila unapofunga uzi, shuka chini kupita noti unayoitaka kisha panda kuifuata. Ukiishia kwa kulegeza, uzi utateleza katikati ya wimbo.

Baada ya hapo pigeni kwa mkao wa E maina kama mlivyozoea. Kodi (noti zinazopigwa pamoja) za ubeti ni Em (yaani E maina), D, Em, D, kisha C, D, Em, D. Kiitikio kinabaki kwenye Em na D tu. Mpiga kinanda ana njia mbili: apige E-flati maina yenyewe, au apige E maina na kushusha kitufe cha kubadili toni kwa moja. Akifanya yote mawili kwa pamoja ataangukia D maina, na hapo ndipo bendi nyingi huanza kulaumiana.

Kama mwimbaji wenu hafiki juu, shusheni toni nzima badala ya nusu. Msihamishe mikao ya vidole kwenda kodi nyingine, kwa sababu uzito wa wimbo huu unatoka kwenye uzi mnene ukipigwa wazi.

Tumenunua pedali ya distosheni (ya kukwaruza mlio wa gitaa), tukaifungua yote ili tupate roki kamili. Mlio ukawa kama mzinga wa nyuki, na sauti ya mwimbaji haisikiki. Tumekosea wapi? (Tabora mjini)

Kosa ni kufungua yote. Hata studio walianzia hukohuko. Steve Lukather, aliyepiga gitaa la mapigo na besi, alianza na ampli kubwa za Marshall zenye distosheni nzito. Quincy Jones, aliyeusimamia wimbo, akamtaka apunguze, maana redio za pop zisingeupokea. Akahamia ampli ndogo za Fender. Roki mnayoisikia pale imetokana na mkono ulionyooka na gitaa lenye mlio mkavu unaokatika upesi. Kelele ni kidogo kuliko mnavyodhani.

Distosheni ikizidi, mlio wa kila noti haufi haraka, noti zinapandana, na mapengo yaliyomo kati yao yanajaa. Mapengo hayo ndiyo yanayowafanya watu watikise vichwa. Anzeni hivi: geini ya pedali (kitufe cha kuongeza distosheni) iwe robo, isizidi theluthi. Besi ya pedali punguzeni, mwachieni mpiga besi nafasi yake. Kisigino cha kiganja cha kulia kigusane kidogo na nyuzi pale zinapoingia kwenye daraja la gitaa. Kikisogea mbele mno mlio utakufa, kikirudi nyuma mno utavuma. Mkitaka uzito zaidi, wapigaji wawili wapige mstari uleule kwa distosheni ndogo. Mlio wao unajaza ukumbi kuliko gitaa moja linalopiga kelele.

Jambo moja la kumbi zetu. Pedali ikichomekwa moja kwa moja kwenye mixa, bila ampli ya gitaa, mlio huwa mkali wa kukwaruza. Spika ya ampli ya gitaa kwa asili yake hukata sauti za juu, kuanzia kama hezi 5000 kwenda juu. Spika za ukumbi hazikati. Kateni wenyewe kwenye mixa kwa kushusha kitufe cha sauti za juu cha njia ile, kisha punguzeni geini tena. Kama kuna ampli ndogo ya gitaa, hata ya mazoezi, wekeni maikrofoni mbele ya spika yake, upande kidogo wa katikati. Itawafaa kuliko pedali nyingine mpya.

Mpiga drams wetu anaanza vizuri, lakini tukifika kiitikio cha pili tunakimbia. Tumfanyeje? (Kasulu)

Wimbo unakwenda karibu mapigo 139 kwa dakika. Hesabuni mapigo 35 ndani ya sekunde 15, mtakuwa hapohapo. Mpiga drams aliyekulia kwenye rumba na chakacha amezoea kuipamba haihati (visahani viwili vya mguu) na kuacha tumba liende. Hapa mapambo hayo ndiyo yanayomsukuma mbele. Drami ya mguu iwe pigo la 1 na la 3, sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) la 2 na la 4, na abaki humo bila kuongeza chochote kwa ubeti mzima. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Jeff Porcaro, aliyepiga kwenye rekodi, alikuwa bingwa wa kujizuia kwa namna hiyo.

Mazoezi: metronomu ya simu (programu ya kuhesabu mapigo) iwe 100 kwa siku kadhaa, kisha 120, kisha 139. Jirekodini kwa simu na mlinganishe ubeti wa kwanza na kiitikio cha mwisho. Mara nyingi anayekimbiza ni mwimbaji anayewahi neno, au mpiga rithimu anayepiga kwa hasira, na mpiga drams anawafuata.

Na kama sneya yenu ni nyembamba, tafuteni kasha gumu la ngoma au boksi la mbao, mtu alipige pamoja na pigo la 2 na la 4. Michael Jackson mwenyewe ametajwa kwenye albamu kwa kupiga kasha la drams katika wimbo huu.

Hapa kijiweni kuna ubishi: solo ya gitaa alipiga nani, na je, mpiga solo wetu ajifunze ile ile? (Tabora, Ng'ambo)

Alipiga Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Van Halen, kwa hisani, bila malipo. Hakukubali kuipiga juu ya sehemu aliyoandaliwa. Aliomba mkanda ukatwe na kuunganishwa upya ili apate mpangilio wa kodi anaoutaka. Kwa kukata huko mikanda ikaacha kwenda pamoja, na Lukather na Porcaro wakalazimika kujenga upya gitaa, besi na drams chini ya sauti na solo zilizokwisha kurekodiwa. Kwamba wimbo unasikika kama bendi moja iliyosimama chumba kimoja ni sifa yao.

Solo yenyewe ni kama nusu dakika, na ina mahali ambapo kidole cha mkono wa kulia kinagonga uzi juu ya shingo ya gitaa. Inahitaji miezi. Ikipigwa nusunusu mbele ya watu inaangusha wimbo mzima. Ushauri wetu ni kwamba mpiga solo atunge yake. Tabora ni mji wa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz, zenye gitaa linalozungumza kwa vifungu vifupi vinavyojirudia na kupanda ngazi. Vifungu hivyo juu ya Em na D, vikiwa na distosheni kidogo, vinaingia vizuri sana. Aanze chini kwenye freti (vyuma vya shingoni) za 5 hadi 8, nusu ya pili apande juu ya 12.

Je, kweli ulihesabiwa kuwa wa roki? (Kigoma mjini)

Ndiyo. Kwenye tuzo za Grammy za 1984 ulipata Rekodi Bora ya Mwaka na pia uimbaji bora wa kiume wa roki. Ulikaa namba 1 Marekani kwa wiki 3 mwaka 1983.

Tukitumia jenereta gitaa linavuma mfululizo, na mwimbaji akigusa maikrofoni kwa midomo anapigwa shoti. (Urambo)

Hayo ni mambo mawili, na la pili acheni kupiga mpaka liishe. Shoti ya midomoni maana yake ampli na mixa hazina ethi (waya wa kwenda ardhini) moja. Vyombo vyote vichukue umeme kwenye soketi moja yenye pini tatu, na jenereta lipigiwe ethi na fundi. Mtu asikate pini ya ethi ili kuondoa mvumo. Mvumo utapungua, na nyuzi za gitaa zinaweza kuwa na umeme.

Mvumo wenyewe: gitaa lenye pikapu (visumaku vinavyonasa mlio wa nyuzi) nyembamba za koili moja hunasa mvumo wa taa za mirija na transfoma. Mpigaji asogee mbali na ampli, ageuke polepole mpaka apate upande unaonyamaza, na ashushe kitufe cha sauti cha gitaa kila anapopumzika. Gitaa lenye pikapu za koili mbili halisumbui hivyo, na kwa wimbo huu lina mlio mnene zaidi pia.