Anasoma nyumbani, je, anacheza na nani? Maswali yenu na majibu

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu anatimiza miaka 7 mwakani. Naweza kumfundisha mwenyewe nyumbani badala ya kumpeleka darasa la kwanza? (Mama, Uyole, Mbeya)

Marahaba mwanangu. Anza na sheria kabla hujanunua madaftari. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyefikisha miaka 7 ameandikishwa shule na anahudhuria. Mitihani ya shule ya msingi nayo hufanywa kupitia shule aliyosajiliwa mtoto. Utahiniwa wa kujitegemea wa Baraza la Mitihani (NECTA) unaanzia sekondari, kwa Mtihani wa Maarifa (QT) na kidato cha nne. Kwa hiyo kamwone afisa elimu kata mapema, umweleze sababu zako. Kama hofu yako ni kwamba darasani wamejaa, mwandikishe, kisha jioni msome pamoja. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na simu yako inatosha kuvifungua.

Tulihamia Mbeya kikazi. Binti yetu wa miaka 10 anasomea nyumbani, mtaala wa Uingereza, kwa intaneti. Masomo yanakwenda vizuri, lakini hana rafiki hata mmoja, ingawa Jumamosi tunampeleka kuogelea na Jumapili yuko Sunday school. (Wazazi, Forest, Mbeya)

La sheria nimeligusa hapo juu na nyinyi linawahusu, msilipuuze. Lakini hili la marafiki ndilo linaloniuma zaidi.

Kuogelea na Sunday school ni vizuri, ila kote huko yupo mtu mzima anayepanga nani asimame wapi. Watoto huzoeana wakiachiwa wenyewe. Tazameni mabinti wakicheza rede jioni. Wawili wanarushiana mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, kiganja kwa kiganja. Mpira unapita jirani na gauni. "Umeguswa!" "Sijaguswa!" Mchezo unasimama, kila mmoja anapaza sauti, mdogo wao anaitwa atoe ushahidi, na punde mpira unaruka tena. Pale mtoto kajifunza kudai haki yake, kukubali kutoka, na kurudi kwa wenzake bila kinyongo. Kompyuta haimpi hayo hata siku moja.

Kinachomkosesha marafiki ni ratiba yenu. Watoto wengi wa mtaani wanarudi kutoka shule saa tisa, saa kumi. Kama muda huo yeye yuko kwenye skrini, atawaona kupitia dirishani tu. Anzeni saa mbili asubuhi, saa saba mfunge vitabu. Jioni geti liwe wazi. Mama, pita kwa majirani, ujuane na mama za wale watoto, ujue wanachezea wapi, na arudi kabla ya magharibi. Siku ya kwanza akirudi analia, msikilize, mpe maji anawe miguu, na kesho atoke tena. Kucheza ni haki yake: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza katika wajibu wa mzazi, sambamba na chakula, mavazi na matibabu.

Mke wangu anafundisha watoto wetu watatu nyumbani, anapika, anafua. Jioni hana hata nguvu ya kuzungumza. Nami natoka kazini saa kumi na moja. Nimsaidieje? (Baba, Kihesa, Iringa)

Baba, chukua somo moja liwe lako kabisa. Hesabu, tuseme: wewe ndiye unayeandaa, unayesahihisha, na unayeulizwa wasipoelewa. Vyombo waoshe watoto wenyewe. Na Jumamosi wapakie kwenye daladala muende Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, wakalione fuvu lake. Alikufa 1898, fuvu likarudishwa kutoka Ujerumani 1954. Waulize kwa nini ilichukua miaka 56, uone watakavyobishana njia nzima ya kurudi. Huku nyumbani mama alale. Nasema alale, asifue.

Mjukuu wangu anakuja likizo na begi la madaftari. Mama yake anataka asome asubuhi na jioni, mimi nataka atoke na wenzake. (Bibi, Tukuyu)

Shikamoo bibi. Mwambie mwanao nusu saa ya kusoma kila asubuhi inatosha. Baada ya hapo awafuate binamu zake migombani. Kinyakyusa chake atakipata huko, wakimcheka na kumsahihisha.

Mwezi wa saba huku ni baridi kali, mtoto haamki saa mbili. (Mama, Njombe)

Aanze saa nne, jua likishapanda. Kusomea nyumbani kunaruhusu hilo. Mvike sweta mbili, blanketi miguuni, chai ya tangawizi mezani. Jiko la mkaa tu usiliingize kwenye chumba mlichofunga madirisha, hata kwa nusu saa. Gesi yake haina harufu, na inaua.