SSD mpya, Windows imepigwa mara tatu, kompyuta bado inagoma kuwaka

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari hapa Morogoro, natumia kompyuta ya mezani ya mtumba, zile ndogo za ofisini. Miezi miwili iliyopita nilitolewa hadidiski ya zamani nikawekewa SSD mpya ya GB 240. Tangu hapo sina raha. Mchana katikati ya kazi inaganda, inaleta skrini ya bluu, inajiwasha upya na kuandika "No bootable device". Nikiizima nikasubiri kidogo, inawaka. Asubuhi nyingine haiwaki kabisa mpaka fundi aje aingie kwenye BIOS. Imepigwa Windows mara tatu, na kila mara inatulia siku mbili tatu kisha yanarudi yale yale. Fundi wa kwanza anasema ni virusi, wa pili anasema SSD ni feki, ninunue nyingine. Nifuate la nani?

JIBU: Kwa sasa usifuate la yeyote, wala usinunue kitu zaidi ya betri ndogo na kebo moja. Kwa maelezo yako, hiyo mashine ina matatizo mawili yaliyofanana sura lakini hayana undugu: moja la mchana, moja la asubuhi. Mafundi wako wamekuwa wakitibu la tatu, ambalo huna.

Nianze na hilo la tatu, maana ndiko hela za watu zinakoteketea. "Tupige Windows", yaani tuiweke upya, imegeuka dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta. Sasa tazama ushahidi ulionao mwenyewe. Maneno "No bootable device" hayaandikwi na Windows. Yanaandikwa na BIOS, ile programu ndogo ya madabodi inayoamka kwanza, kabla Windows haijaanza kusomwa. Tena kama mafaili ya kuwashia yangekuwa yameharibika, au yameliwa na virusi, kuzima na kusubiri dakika tano kusingeyarudisha. Kitu kinachopotea na kurudi chenyewe ni mguso wa waya, umeme, au diski yenyewe. Kupiga Windows hapo ni kubadilisha dereva kwenye gari lenye pancha.

Utauliza: mbona ikipigwa inatulia? Inatulia kwa sababu ya yale fundi aliyoyafanya kabla ya kuchomeka flashi ya Windows. Alifungua keisi, akagusa na kusukuma kebo, mguso ukakaa sawa kwa muda. Akaingia BIOS na kupanga mipangilio upya. Akaijaribu mezani kwake, iko peke yake kwenye umeme, haina mashine ya kopi pembeni. Ikirudi dukani inatikiswa, inapata joto la kutwa nzima, inachomolewa usiku, na hesabu inaanza upya. Sifa zote zinakwenda kwa Windows, ambayo haikufanya lolote.

Sasa tatizo la mchana. Siku inapoganda na kujiwasha upya, usiizime. Hapo hapo bonyeza F2 au F10, kutegemea mashine, uingie BIOS, kisha tazama orodha ya diski. Kama SSD haimo kwenye orodha, mjadala wa Windows umekwisha: BIOS haiioni. Kama imo lakini mashine haiwaki, basi kasoro iko kwenye mipangilio ya kuwashia, nayo tutaifikia. Kuna alama nyingine ya kuangalia kwenye skrini ya bluu: ile asilimia ikiganda kwenye 0%, mara nyingi maana yake Windows inataka kuandika ripoti ya ajali kwenye diski na diski haipatikani. Ndiyo maana ukitafuta ripoti baadaye huikuti. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, sehemu ya System, utakuta namba 41 ya Kernel-Power. Hiyo haikwambii kitu zaidi ya kwamba mashine ilizimika vibaya. Ya kutafuta ni 129 ya "Reset to device", 153, na namba 11 ya Disk. Zikiwa zimejipanga dakika chache kabla ya kila ajali, Windows ilikuwa inaiita diski na haijibiwi.

Kisha weka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Watu wengi huishia kwenye neno "Good" la rangi ya buluu na kufunga. Shuka mpaka mstari wa C7, unaohesabu makosa yanayotokea data ikisafiri kati ya diski na madabodi. Namba za pale huonyeshwa kwa mfumo wa heksa, kwa hiyo ingia Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague 10 [DEC] upate namba za kawaida. Hesabu hiyo hairudi nyuma hata ukiweka kebo mpya. Cha kuangalia ni kama inapanda. Iandike leo, fanya kazi, itazame tena kesho. Ikipanda, mshukiwa wa kwanza ni kebo ya data, wa pili ni soketi yake kwenye madabodi. Mistari ya 05 na C5 ndiyo inayosema habari za afya ya diski yenyewe. SSD za bei ya chini huwa hazionyeshi mistari yote, kwa hiyo kukosekana kwa C7 kusikufanye uamini kwamba kebo ni nzima.

Nunua kebo ya data ya SATA yenye klipu ya chuma, ya sentimita 30 hadi 50. Kebo isiyo na klipu hulegea yenyewe, hasa kwenye hizi keisi ndogo ambamo kebo hukunjwa ili kifuniko kifunge. Chomeka kwenye soketi nyingine ya madabodi, si ile ile. Halafu fuatilia waya wa umeme wa SSD unatoka wapi. Kwenye mashine hizi ndogo waya wa umeme huwa haufiki, basi fundi anagawa kutoka kwenye DVD kwa adapta ya Molex (plagi ya umeme ya zamani ya pini nne) kwenda SATA. Zile adapta ambazo plastiki yake imemiminwa moja kwa moja juu ya nyaya ndizo za kuogopa: nyaya hugusana kwa ndani, zinayeyuka, na zimewahi kuunguza diski na mashine za watu. Ukiiona, itoe. Itazame na SSD yenyewe ilivyokaa. Ikining'inia kwenye nyaya kwa kuwa kishikizo cha diski kubwa hakiitoshi, ifunge mahali kwa skrubu. Mtikisiko wa meza tu unatosha kuilegeza.

Mwenye mita apime umeme mashine ikiwa kazini. SSD za inchi 2.5 karibu zote zinategemea waya mwekundu wa volti 5, unaotakiwa kubaki kati ya 4.75 na 5.25. Ukishuka chini ya hapo kila unapoanza kazi nzito, pawa saplai imechoka. Na kwa kuwa una steshenari: printa ya leza au mashine ya kopi isikae kwenye ekstensheni moja na kompyuta, wala kwenye UPS ya kompyuta. Ile rola inayochoma wino kwenye karatasi inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na pawa saplai iliyozeeka huyumba.

La asubuhi ni jambo lingine. Kwenye madabodi kuna betri ya duara, CR2032, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikizimwa, madabodi hupata umeme kidogo na betri inapumzika. Ukifunga duka ukazima swichi ya ukutani, betri ndiyo inabaki peke yake. Ikiwa imekufa, BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

Hapo ndipo flashi ya fundi inapohusika. Flashi nyingi za mitaani zimetengenezwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, hivyo ili iwake fundi anabadilisha BIOS kutoka UEFI, mtindo mpya wa kuwasha mashine, kwenda Legacy, ule wa zamani, na Windows inaingia kwa mtindo huo. Betri inapopoteza kumbukumbu usiku, BIOS inarudi UEFI, inatafuta mafaili ya kuwashia ya UEFI, haiyaoni, inaandika "No bootable device". SSD nzima, Windows nzima. Vivyo hivyo kwa mpangilio wa SATA, ambako RAID na AHCI ni namna mbili za madabodi kuongea na diski: Dell OptiPlex nyingi zikirudi kiwandani zinajiweka RAID, na Windows iliyowekwa chini ya AHCI itakupa skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Uthibitisho ni saa. Asubuhi ambayo haiwaki, tazama tarehe ndani ya BIOS. Ikiwa imerudi nyuma miaka, au siku nyingine kivinjari kinalalamika kwamba kila tovuti si salama, betri imekwisha. Itoe uipime: mpya huzidi volti 3, na ikiwa chini ya 2.8 itupe. Baada ya kuweka mpya, andika msinfo32 kwenye menyu ya Start uone mstari wa BIOS Mode. Ukisema Legacy na mashine yako inakubali UEFI, huna haja ya kupiga Windows ya nne. Windows 10 tangu toleo la 1703 ina amri ya mbr2gpt inayobadilisha diski kutoka MBR kwenda GPT, mtindo unaotakiwa na UEFI, bila kufuta kitu. Nakili kwanza mafaili yako kwenye diski ya nje, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate, kisha nenda BIOS uweke UEFI. Ikikataa, kwa kawaida ni kwa sababu diski imegawanywa sehemu zaidi ya tatu. Hapo iache Legacy, betri mpya itaishikilia.

Kuhusu SSD feki: zipo, hasa zile zinazojitangaza kuwa na ujazo mkubwa kwa bei ya kushangaza. Lakini ufeki hupimwa. SSD ikiwa tupu kwenye kompyuta nyingine, programu ya H2testw huijaza yote na kuisoma tena. Kama ujazo ni wa uongo itasema. Fundi anayetamka "feki" bila kupima anakuuzia nyingine tu. Na kama kebo mpya, soketi nyingine na umeme mzuri havijasaidia, piga picha ya CrystalDiskInfo na ya Event Viewer, uipeleke SSD dukani ikiwa bado ina dhamana.

Kuna jambo linanisumbua kuliko betri na kebo, nalo linawahusu wote wenye SSD. Kwenye hadidiski za zamani, fundi akifomati kimakosa, programu za kurudisha data ziliweza kuokoa mengi. Mazoea hayo yamewafanya watu waamini kwamba data haipotei, "itatafutwa". Kwenye SSD, Windows ikifomati hutuma amri ya TRIM, inayoiambia diski kwamba maeneo yale hayahitajiki, na diski huyasafisha yenyewe. Baada ya hapo hakuna programu ya kurudisha, hata uilipie. Na fundi akisema "nafuta C tu", kumbuka Desktop, Documents na Downloads zote zinakaa ndani ya C. Kwa hiyo mtu asiguse kitufe cha Format kabla SSD haijachomolewa, ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, na mafaili yakanakiliwa mbele yako. Kebo hiyo ya SATA kwenda USB ni kifaa cha kawaida cha kazi. Fundi asiyekuwa nayo usimwachie diski yenye leja ya duka.