Ukifiwa na mpenzi ambaye nyumbani hawamjui

Mvulana wa miaka 17, Mkenya, ameniandikia. Mpenzi wake wa kwanza, mvulana mwenzake, amepigwa hadi kufa na watu waliokuwa wakiwatishia wote wawili. Nyumbani hakuna anayejua, kwa hiyo hakuna anayempa pole.

Mdogo wangu, anza na simu. Meseji za vitisho usizifute, hata kama kuzitazama kunakuumiza. Sheria ya Kenya haina kosa la pekee la mauaji ya chuki. Mshtakiwa hushtakiwa kwa mauaji chini ya kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu, na chuki huingia kortini kama sababu ya kuua. Meseji hizo ndizo zinaweza kuionyesha. Picha ya skrini peke yake haitoshi: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki ulitolewaje na kwa kifaa gani. Basi simu isiuzwe, isifutwe yote, WhatsApp isiondolewe. Na usibandike picha yenu mtandaoni kwa uchungu. Wauaji nao wana simu.

Shida ni kwamba simu hiyo hiyo ina maneno yenu ya mapenzi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumiwa dhidi ya ngono ya wanaume wawili, bado kipo, adhabu yake hadi miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Kinalenga tendo, si kupenda, lakini usitegemee kila askari atenganishe hayo mawili. Tafuta wakili kabla ya kuikabidhi. NGLHRC, shirika la Nairobi, hutoa msaada wa kisheria kwa wapenzi wa jinsia moja.

Ukiandikisha taarifa polisi, nenda na mtu mzima uliyemchagua mwenyewe. Eleza ulichoona na kusikia, siku, saa, nani alitishia na kwa maneno gani. Ukiulizwa mambo ya kitandani usidanganye, maana uongo mmoja utawapa mawakili wa washtakiwa nafasi ya kukubomoa; sema utajibu wakili wako akiwepo. Soma kila ukurasa kabla ya kutia sahihi, uondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Kwa mwalimu na kwa mama sentensi moja inatosha, nayo ni kweli: "Rafiki yangu wa karibu ameuawa." Itakupatia ruhusa ya kukosa darasa, uji wa asubuhi, na haki ya kulia sebuleni. Mengine utayasema siku utakayotaka, kama utataka. Mazishini nenda na wanafunzi wenzake, katikati ya kundi, utupe udongo kama wengine. Usiombe kipaza sauti. Kama familia yake inakulaumu, usiende. Kaburi utalitembelea baadaye, mchana, na mtu anayekujua.

Usingizi na chakula vitavurugika kwa wiki kadhaa. Hilo ni la kawaida. Kuwaza kumfuata si la kupuuza: piga 116, simu ya watoto, ni ya bure mchana na usiku, na usilale peke yako usiku huo.

Wazazi mnaosoma hapa, mtoto aliyenyamaza ghafla baada ya kifo cha "rafiki" hahitaji maombezi ya kutoa pepo. Mpeni chai, kaeni naye, acheni kumhoji. Maswali yenu yanaweza kungoja. Yeye huenda asiweze.

Jiandae pia kwa muda mrefu. Edwin Chiloba, mwanamitindo na mtetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja, aliuawa karibu na mwaka mpya wa 2023 huko Eldoret. Aliyemuua alihukumiwa kifungo Desemba 2024. Kila kesi ikitajwa, habari zitarudi na picha za mpenzi wako. Mwombe wakili akupe tarehe za kusikilizwa mapema, na siku hizo umwachie mtu mwingine akusomee habari kwanza.