Wanacheza Mara Moja, Hawarudi

*Habari za kazi. Kijiwe chetu cha drafti hapa Majengo, Moshi, kilikuwa kinajaa watu hadi ishirini kila jioni. Sasa tumebaki wanane walewale. Wageni wanakuja, wanacheza mara moja, hawaonekani tena. Wenzangu wanasema wanaogopa kufungwa. Ni kweli?*
*Fundi viatu, Majengo*

Kufungwa hakumfukuzi mtu, fundi. Mgeni anajua kabla hajakaa kwamba atafungwa. Kinachomfukuza ni kukaa bila kucheza. Bila shaka mnacheza kwa mtindo wa aliyeshinda anabaki. Piga hesabu: watu wanane, ubao mmoja, mchezo mmoja dakika 15. Mgeni anakaa saa 11 jioni, anafungwa saa 11 na robo, anarudi nyuma ya foleni. Kabla ya zamu yake kuna michezo sita, yaani saa nzima na nusu. Ikifika ni saa 1 kasorobo, kete hazionekani. Jioni nzima kacheza robo saa, huku bingwa wenu hajainuka kwenye benchi.

Dawa ya kwanza ni ubao wa pili. Mkigawana wannewanne, aliyefungwa anasubiri michezo miwili tu, nusu saa. Chukueni kipande cha plaiwudi cha sentimita 40 kwa 40, kila chumba sentimita 5. Msishuke chini ya 4. Kizibo cha soda kina upana unaozidi kidogo sentimita 3, na vyumba vikibana vizibo vinagusana, mkono ukipita unasogeza kete mbili, hapo ugomvi. Vizibo 24 vinatosha, 12 chali na 12 kifudifudi. Wekeni na sita vya akiba vya kubebesha kete ikiingia kingi, yaani ikifika mstari wa mwisho wa adui.

Pili, aliyeshinda mara mbili mfululizo apishe. Mabingwa watanung'unika, waacheni wanung'unike. Bingwa akikutana na mgeni atoe kete moja kabla ya kuanza, na akizidi kumfunga atoe mbili. Mchezo unapolingana kiasi hicho hata bingwa anatoka jasho, na wengi wao wanaupenda wakishauzoea.

Sheria nazo ziandikwe ukutani kwa chaki. Vijiwe havifanani: kwingine kete inakula kwenda mbele tu, kwingine inakula hata kurudi nyuma; kwingine kula ni lazima, kwingine wanasameheana. Mgeni kutoka Pasua akiambiwa sheria katikati ya mchezo, tena na watazamaji watatu kwa mpigo, anaona ameibiwa.

Siku ya mashindano acheni mtoano. Watu 16 wakianza, wanane wameshatoka baada ya mchezo wa kwanza, na hao ndio mliokuwa mnawatafuta. Tumieni mfumo wa Uswisi: raundi nne, kila raundi mwenye pointi anapangwa na mwenye pointi sawa naye au za karibu, wawili wasikutane mara mbili. Kushinda pointi 1, sare nusu. Mkiwa idadi ya witiri, wa chini asiye na mpinzani anapewa pointi 1 na kupumzika. Kila mtu anacheza mpaka mwisho, na kuanzia raundi ya pili mgeni aliyefungwa anakutana na aliyefungwa mwenzake.

*Shikamooni. Wazee wa bao hapa Ngarenaro, Arusha, wanataka vijana wawarithi, lakini kijana akikaa siku moja, kesho yake yuko kwenye gemu za simu. Tufanyeje?*
*Mjukuu wa mcheza bao*

Marahaba. Mnamwanzishia juu mno. Bao la kiswahili linaanza na kete 6 kwenye nyumba, lile shimo maalumu la mstari wa mbele, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi kwa kila mchezaji. Namua peke yake, yaani hatua ya kuingiza kete za mkononi, ina masharti ya nyumba, ya kutakasa (kutembeza kete bila kula), ya kichwa na kimbi (mashimo ya pembeni mwa mstari wa mbele). Kijana bado hajajua hata kete zinazunguka vipi.

Mpeni bao la kujifunza. Kete 2 kila shimo, mashimo 32, zote 64 zimo ubaoni, mkononi hakuna kitu. Mnaanzia moja kwa moja kwenye mtaji, hatua ya pili ambayo kete za mkononi zimekwisha. Wiki ya kwanza ajue mambo matatu tu. Shimo lenye kete moja haliondoki. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la adui linalolikabili nalo lina kete, unazila hizo za adui na kuzitembeza upande wako kuanzia kichwani. Mstari wako wa mbele ukibaki mtupu, umefungwa. Nyumba na namua zisubiri.

Kuna na suala la mkono. Mzee aliyezoea anamwaga kete mashimo kumi kabla kijana hajahesabu matatu. Mwombeni adondoshe moja moja, kila kete isikike ikigonga mti. Asiyeona kete zimeishia wapi hawezi kujua kama ameliwa kihalali, na mwenye shaka hiyo harudi.

Mwezi wa sita hadi wa nane msiwalaumu. Kwa baridi ile ya Arusha barazani hakukaliki jioni. Hamieni Jumamosi mchana.

*Kundi letu la WhatsApp la wacheza chesi na drafti wa Moshi na Arusha lina watu 140. Wanaoandika hawafiki kumi, na kila wiki wawili watatu wanaondoka kimyakimya. Nilifunge?*
*Kiongozi wa kundi*

Usilifunge. Wanaosoma bila kuandika wanajifunza hivyohivyo. Angalia kwanza wanaoondoka wamekaa muda gani.

Wakiwa wageni wa siku chache, pandisha juu uone maswali yao yaliishia wapi. Mgeni anauliza jambo mlilolijibu mara hamsini, anaambiwa "tafuta juu", na hapo hataandika tena. Weka zamu ya watu wawili kila wiki. Swali la mgeni lisilale bila jibu.

Wakiwa wakongwe, shaka ya kwanza iwe bando. Video za michezo ni nzito, na simu iliyowekwa kupakua yenyewe inazivuta bila kuuliza. Vyumba 32 vya drafti vinavyochezewa vipeni namba 1 hadi 32, mchezo mzima utumwe kwa maandishi: 11-15, 23-19, na kuendelea. Wa chesi watume kiungo cha Lichess, ambayo ni bure na haina matangazo. Wanaoondoka kwa sababu ya mitihani au kuhamishwa kikazi hurudi wenyewe.

*Tambo zina mpaka?*
*Dada wa Kiborloni*

Zinao. Tambo zinasemwa juu ya kete: "kingi wako leo analala njaa". Zikihamia kwenye sura ya mtu, kabila lake, au kwamba yeye ni mwanamke, mchezo usimame na msemaji akose zamu jioni hiyo. Wanaoelekeza kutoka pembeni nao wasiachwe: hatua iliyoonyeshwa kwa kidole isichezwe. Wakikaidi, sogezeni benchi la watazamaji hatua mbili nyuma, kidole kisifike.