Tenga la samaki nyuma ya baiskeli: nishike upande gani?

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Kila alfajiri nachukua samaki diko la Malindi hapa Unguja, nafunga tenga kwenye keria, napita Darajani na Michenzani hadi sokoni Mwanakwerekwe. Nakwenda ukingoni kabisa, lakini daladala zinanipita mpaka nasikia joto la injini. Mwenzangu ananambia nipite upande wa kulia, nikabiliane na gari nizione. Lipi sawa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Mwenzako anakutakia heri, ila usimfuate. Anayekabiliana na gari ni mwenda kwa miguu; baiskeli ni chombo, hupita kushoto kama vyombo vyengine. Daladala ikiwa kwenye kilomita 40 kwa saa nawe 15, mkifuatana inakusogelea kwa 25. Mkikabiliana, kwa 55. Tena dereva anayetoka njia ya ndani akakata kushoto huangalia kulia kwake, kwani gari hutokea huko. Wewe utamjia kutoka kushoto, hana habari nawe.

Lakini na huko ukingoni ndiko kunakokuponza. Ukibana pembeni, dereva huona nafasi inatosha, akajipenyeza bila kuuacha mstari wake. Wewe huna pa kukimbilia ila mchangani, na gurudumu likitoka kwenye lami na tenga zito nyuma, usukani haukutii tena. Kaa kama mita moja ndani ya lami, uende sawa bila kuyumba. Hapo dereva atalazimika kuamua: asubiri au akuzunguke. Atapiga honi, ndiyo. Mpigaji honi amekuona, na hilo ndilo tunalolitaka.

Palipo na gari zilizoegeshwa, kama Darajani, ongeza nafasi. Mlango wa gari ukifunguka wote huchukua karibu mita nzima. Daladala ikisimama, usipenye kati yake na ukingo, abiria wanashukia huko. Subiri nyuma, au geuza shingo, nyoosha mkono wa kulia, ndipo upite. Kugeuza shingo bila kupepesuka kunataka mazoezi. Anza uwanjani na tenga tupu. Michenzani penye mzunguko, kukiwa na msongamano, shuka uikokote. Mimi hushuka.

Masika, ringi za chuma zikirowa, raba za breki huteleza. Minya kidogo kidogo mapema zifute maji kwanza, halafu ndiyo ukaze.

Jambo moja hukuniuliza, nalo linanitia hofu zaidi kwa sababu unatoka kungali kiza. Rifleta, kile kioo chekundu kinachorudisha mwanga wa taa za gari, kama iko kwenye madigadi basi tenga limeifunika. Ifungue, uifunge mgongoni mwa tenga lenyewe pamoja na taa nyekundu. Kisha usiku mmoja iweke baiskeli barabara ya mtaani kwenu na mzigo wake, rudi nyuma hatua hamsini, uangalie unachokiona.