Mtandao wa kiwanda: umegawanywa au umetengwa?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi wa umeme katika kiwanda cha sukari, kaunti ya Kisumu. Tumeweka mashine za kusagia miwa, boila, mizani na ofisi kila moja kwenye mtandao wake mdogo, nami nikaambiwa niwaandikie wafanyakazi tangazo. Nimeandika: "Mtandao wa kiwanda umegawa mara nne ili kutenganisha vifaa vya kudhibiti mitambo kutoka kwa kompyuta za ofisi." Meneja anataka "umetengwa", mwenzangu anashikilia "umegawanywa". Nani yuko sahihi? Na je, naweza kusema "kijitandao"?

JIBU: Sijambo, fundi. Hilo "umegawa" liondoke kwanza, maana mtandao haukumgawia mtu chochote. Ninyi ndio mliougawanya.

Kugawa ni kutoa, kila mmoja apate lake: chama hugawa faida, mama hugawa ugali. Kugawanya ni kukifanya kitu kimoja kiwe vipande. Kazi yenu ina yote mawili. Tuseme mlianza na anwani (namba za kuvitambulisha vifaa kwenye mtandao) za 192.168.10.0, jumla 256, mkazigawanya katika sehemu nne za anwani 64. Katika kila sehemu vifaa hupata 62 tu, kwa sababu anwani ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kuviita vifaa vyote kwa mpigo. Baada ya hapo ndipo mlipogawa anwani: mizani ikapewa yake, boila ikapewa yake.

"Mara nne" nayo ina mtego. Mara huhesabu tendo, sehemu huhesabu kilichopatikana. Ukizigawanya anwani hizo nusu kwa nusu mara mbili, tayari una sehemu nne. Ukifanya hivyo mara nne utajikuta na sehemu 16 zenye anwani 16 kila moja, na boila yako huenda ikakosa nafasi. Andika "katika sehemu nne".

Sasa tumfikie meneja. Kutenga ni kuweka kando pasipofikika ovyo. Mwaka 2020, wakati wa Korona, tuliambiwa tujitenge, na hakuna aliyeelewa kwamba tujigawanye. Nchi yetu imegawanywa katika kaunti 47, lakini Siaya haijatengwa na Kisumu; unavuka na matatu yako bila kuulizwa unakwenda wapi. Mtandao ni vivyo hivyo. Mnaweza kuugawanya vizuri kabisa, hesabu zote zikalingana, kisha ruta ikawa inapitisha kila kitu kutoka sehemu hadi sehemu. Hapo karani wa mishahara, au kirusi kilichoingia kwenye kompyuta yake, bado anaifikia boila. Na vifaa vingi vya viwandani huzungumza kwa itifaki ya Modbus, ambayo ilitoka mwaka 1979 na katika umbo lake la asili haiulizi nywila: anayefika anaamuru, kifaa kinatii.

Kwa hiyo jibu la nani yuko sahihi liko kwenye kabati la swichi (vifaa vinavyounganisha nyaya za mtandao), haliko kwenye kamusi. Kama kati ya ofisi na mitambo kuna fayawoli inayokataa kila kitu isipokuwa mlichoruhusu, meneja ana haki ya kusema "umetengwa". Kama haipo, mwenzako ndiye mkweli, na neno la meneja litawapa watu imani ambayo nyaya haziwezi kuitimiza. Binafsi naliona hilo kuwa kosa zito kuliko "umegawa", ambalo angalau halimdanganyi mtu.

Kuna pia "tenganisha", uliyoitumia mwenyewe. Polisi huwatenganisha wanaopigana, kila mmoja akavutwa upande wake. Ni neno la pande zilizo sawa, na lingefaa kama ungekuwa unaieleza mitandao yote minne, mmoja na mwenzake. Lakini nia yako ni kuviweka vifaa vya mitambo mahali salama, kwa hiyo "tenga" inatosha. Hata hivyo, usiseme "kutenga kutoka kwa". Kiswahili hutenga kitu na kitu.

Jambo dogo la mwisho kwenye sentensi yako: kifaa cha kufanyia kazi hupenda kitenzi cha kutendea. Tunasema kalamu ya kuandikia, kisu cha kukatia nyama, kwa hiyo vifaa vya kudhibitia mitambo.

Ikiwa fayawoli ipo, bandika hivi:

"Mtandao wa kiwanda umegawanywa katika sehemu nne, na vifaa vya kudhibitia mitambo vimetengwa na kompyuta za ofisi. Usichomeke laptopu kwenye swichi ya mitambo bila idhini ya fundi wa zamu."

Ikiwa bado haijawekwa, ishia kwenye "sehemu nne", kisha uruke hadi katazo la laptopu. Hilo lina kazi zaidi sasa.

Kuhusu "kijitandao": kiji- huenda kwa shina la silabi moja, kama mti kuwa kijiti, au kwa nomino iliyoanza na ki- tayari, kama kitabu kuwa kijitabu. Mtandao ungefuata njia ya mlima na kilima, uwe "kitandao", ila mpita njia atadhani mmeleta kitanda. Andika "mtandao mdogo", wingi "mitandao midogo". Mafundi mkiwa peke yenu, semeni "sabuneti" kama mlivyozoea.